Kupona Nyumbani Baada ya Kung'olewa Meno Yote: Uchambuzi wa Hali ya Bagamoyo na Pwani ya Kaskazini mwa Dar es Salaam

Kung'olewa meno yote ni tiba inayomalizika hospitalini kwa saa chache, au kwa miadi kadhaa iwapo tabibu ameona ni salama zaidi kuanza na upande mmoja wa kinywa na kuuacha mwingine kwa zamu nyingine. Lakini kupona kwake hufanyika nyumbani, mikononi mwa mgonjwa mwenyewe na jamaa zake, na huchukua muda mrefu kuliko wengi wanavyotarajia siku wanapotoka kliniki. Ndani ya kupona huko mna mambo matatu yanayokwenda kwa mwendo tofauti. La kwanza ni jeraha la ufizi, ambalo kwa mtu mwenye afya njema hufunga juu katika wiki 3 hadi 4. La pili ni mfupa wa taya uliokuwa ukishikilia mizizi ya meno, ambao hujaza matundu kwa miezi kadhaa na wakati huohuo huanza kupungua kimo na unene. La tatu ni kazi ya kinywa, yaani kutafuna, kumeza, kutamka na kuonekana mbele za watu, ambayo hairudi kwa kupita kwa siku tu, kwani hujengwa upya kwa meno ya bandia, mazoezi na chakula kinachofaa.

Katika mji wa Bagamoyo na vijiji vinavyofuatana na barabara ya pwani tangu Bunju na Mapinga hadi Kerege, Kiromo na Zinga, kaya ya kawaida ina karibu kila kitu kinachohitajika kulihudumia jeraha: maji safi ya kuchemsha, chumvi, uji, mto wa kuegemea na mtu wa kukesha na mgonjwa. Kinachokosekana mara nyingi ni mpango wa mfupa na wa kazi ya kinywa, kwa sababu mgonjwa na huduma kwa pamoja huhesabu kwamba shughuli imekwisha pale maumivu yanapokwisha. Uchambuzi huu unashikilia kwamba kupona kamili huanza kabla jino la kwanza halijatoka, na kwamba kipimo chake cha haki ni kile ambacho mtu anaweza kula na kusema mwaka mmoja baadaye.

Kwa nini meno yote hung'olewa

Mtu mzima aliyekamilika ana meno 32, na ni nadra yote kuharibika kwa mpigo. Sababu mbili kubwa ni kuoza kwa meno, ambako bakteria hugeuza sukari ya chakula kuwa tindikali inayokula jino, na ugonjwa wa fizi, ambao maambukizi yake hushuka polepole chini ya ufizi na kuumaliza mfupa mpaka meno yaliyo mazima kwa sura yaanze kucheza. Sababu ya tatu, ambayo haijulikani sana mitaani, ni matayarisho ya tiba ya mionzi kwa saratani ya kichwa na shingo, inayotolewa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam. Mfupa wa taya uliopigwa mionzi hupoteza uwezo wa kupona jeraha, kwa hiyo meno mabovu yaliyo ndani ya eneo hilo huondolewa kabla, na jeraha hupewa muda wa kufunga kwanza. Sukari katika chai na vinywaji, sigara, na tambuu inayotafunwa pamoja na popoo, chokaa na tumbaku, ni miongoni mwa mambo yanayoharakisha kuharibika kwa meno na fizi.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya kinywa, iliyotolewa mwaka 2022, inakadiria kwamba karibu asilimia 7 ya watu wenye umri wa miaka 20 na zaidi duniani hawana hata jino moja, na kwamba miongoni mwa wenye miaka 60 na zaidi kiwango hicho hufikia asilimia 23. Tanzania haina desturi ndefu ya vibogoyo kamili kama nchi za Ulaya, kwa kuwa wazee wengi hupoteza meno machache ya nyuma na kubaki na mengine. Hali hiyo njema ina upande wake mgumu. Karibu kila mtaa una mtu aliyewahi kung'olewa jino moja, na ushauri wake ndio unaopewa aliyeng'olewa yote, ilhali jeraha la mizizi 20 au zaidi hutoka damu nyingi zaidi, huvimba zaidi, humzuia mtu kutafuna kwa upande wowote, na huacha taya zima bila kazi.

Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu kupona ni kama meno yote yanahitaji kuondoka. Mwaka 2003 mtafiti wa Tanzania, Paulo Sarita, pamoja na wenzake wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa Watanzania wenye safu fupi ya meno, yaani waliopoteza magego ya nyuma na kubakiwa na ya mbele. Walionesha kwamba waliobaki na magego madogo yote pamoja na walau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana walitafuna vya kutosha, na kwamba shida kubwa iliwakumba wale ambao hata jozi za magego madogo zilikuwa zimepungua. Jino moja zima, hasa chonge la taya la chini, linaweza pia kuachwa mzizi wake ili lishikilie meno ya bandia na kuuhifadhi mfupa unaolizunguka. Mgonjwa anayeuliza jambo hili mapema hapotezi muda wa tabibu. Anatetea miaka yake ijayo.

Jeraha katika siku saba za kwanza

Jino linapotoka, tundu lake hujaa damu, na damu hiyo ikiganda hufanyika donge linalouziba mfupa ulio wazi. Kila agizo la siku ya kwanza hulenga kulilinda donge hilo. Mgonjwa huuma vipande vya gozi, ambavyo wengi huviita pamba, kwa dakika 30 hadi 60 bila kuvitoavitoa, kwa kuwa mgandamizo ndio unaosimamisha damu. Asisukutue kwa saa 24, asiteme kwa nguvu, na asivute chochote kwa mrija, kwa sababu mvuto ndani ya kinywa hulinyanyua donge kutoka mahali pake. Katika pwani hii, ambako dafu ni kinywaji cha mgonjwa tangu zamani na muuzaji hulitoa pamoja na mrija, maji yake yamiminwe kwenye kikombe safi na kunywewa polepole. Mate yenye wekundu kwa siku moja au mbili si hatari, kwani tone dogo la damu hutia rangi mate mengi. Damu mbichi inayojaza kinywa hata baada ya kuuma gozi jipya kwa nusu saa ndiyo inayomrudisha mtu hospitalini.

Uvimbe huongezeka hadi siku ya pili au ya tatu kisha hupungua, na mashavu yanaweza kuwa na michubuko ya rangi ya kijani na njano inayoteremka mpaka shingoni kwa watu wazima. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa safi na kuwekwa nje ya shavu, kwa dakika 15 hadi 20 kwa zamu, husaidia katika siku ya kwanza. Barafu ya samaki inayouzwa bandarini hufaa kwa kazi hiyo ya nje pekee, na haifai kuingizwa kinywani. Kukanda kwa maji ya moto, ambako akina mama wengi wa pwani hukuanza mara tu waonapo uvimbe, kusubiri mpaka saa 48 zipite, kwa sababu joto la mapema huongeza damu mahali palipojeruhiwa. Mgonjwa alale akiwa ameinua kichwa kwa mito miwili, na mtu mzima mwingine awe karibu usiku wa kwanza.

Baada ya saa 24 huanza kusukutua kwa maji ya chumvi, na hapa pwani ina tiba yake mlangoni, kwa kuwa chumvi huvunwa katika mashamba ya Nunge, pembezoni mwa mji wa Bagamoyo, na huko Saadani. Nusu kijiko cha chai katika glasi moja ya maji yaliyochemshwa na kuachwa yawe vuguvugu hutoa mchanganyiko wa zaidi kidogo ya asilimia 1, unaokaribiana na chumvi ya maji ya mwili, ambao husafisha mabaki ya chakula bila kuuunguza ufizi; mgonjwa hujaza kinywa, huinamisha kichwa huku na huku, kisha huacha maji yadondoke yenyewe, mara 4 hadi 5 kwa siku na kila baada ya mlo. Maji ya bahari si mbadala: yana chumvi ya kama asilimia 3.5, na yale ya karibu na ufuko wa mji hubeba uchafu wa mito na wa makazi.

Karafuu, inayolimwa Pemba na Unguja ng'ambo ya mkondo, inastahili neno lake. Mafuta yake yana kemikali iitwayo eujeno ambayo matabibu wa meno huitumia kutuliza maumivu, lakini huitumia kwa kipimo, ikiwa imechanganywa ndani ya dawa ya kuziba tundu. Karafuu iliyosagwa na kushindiliwa nyumbani ndani ya jeraha bichi huacha chembe zinazooza na huweza kuunguza nyama changa, na hukumu hiyohiyo inahusu majivu, ugoro na majani ya mwarobaini yaliyopondwa.

Tatizo linalosumbua zaidi wiki ya kwanza ni tundu kavu, yaani hali ya donge la damu kutoka au kuyeyuka kabla ya wakati na kuuacha mfupa wazi. Dalili yake ni maumivu yaliyokuwa yakipungua kisha yakarudi kwa ukali kati ya siku ya 2 na ya 4, yakipanda hadi sikioni pamoja na harufu mbaya, hasa kwenye taya la chini. Wavutaji sigara hupatwa zaidi, kwa hiyo siku za kuacha sigara na tambuu zisipungue 7, na tumbaku ya kutafuna isirudi kabisa juu ya ufizi unaopona. Tundu kavu si maambukizi na haliponi kwa kuongeza antibiotiki. Tabibu hulisafisha na kuliwekea dawa, na nafuu huja upesi.

Dalili za hatari zinatofautiana na hizo, na kila mtu wa nyumbani anapaswa kuzijua: homa, uvimbe unaozidi baada ya siku ya 3, usaha, kushindwa kufungua kinywa au kumeza, sauti kubadilika, na uvimbe mgumu chini ya kidevu unaoinua ulimi. Hizi za mwisho huashiria maambukizi yanayosambaa sakafuni mwa kinywa na shingoni, ambayo yanaweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache, na hazingoji asubuhi. Maji yanayotokea puani wakati wa kunywa humaanisha kwamba tundu la taya la juu limeungana na uwazi wa hewa ulio kando ya pua, jambo linalohitaji tabibu ingawa si la usiku huohuo.

Umbali ndio unaoamua uzito wa maagizo haya. Mkazi wa mji ana Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo kwa mwendo mfupi wa bodaboda, na wa Tegeta au Bunju anaweza kufika Lugalo au Mwananyamala. Aliye Makurunge, au Saadani ng'ambo ya mto Wami, anaweza kuhitaji saa kadhaa, na zaidi wakati wa masika kati ya Machi na Mei. Kwa kuwa damu nyingi hutoka katika saa 24 za mwanzo, busara ni mgonjwa wa mbali alale usiku wa kwanza kwa jamaa aliye karibu na hospitali, na meno yake yang'olewe asubuhi mwanzoni mwa wiki badala ya Ijumaa jioni.

Dawa, na maradhi yanayotangulia

Ganzi huisha baada ya saa 2 hadi 4, na dawa ya maumivu ni bora imezwe kabla haijaisha. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini, parasetamo mbili za miligramu 500 kila baada ya saa 6 hadi 8 hutosha wengi, na jumla isizidi vidonge 8 kwa siku. Ibuprofeni huongezwa pale tabibu aliporidhika kwamba mgonjwa hana vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa hizo wala mimba, na kamwe haichanganywi na diklofenaki, kwa kuwa zote mbili ni za ukoo mmoja na madhara yao kwa tumbo na figo hujumlishana. Aspirini haifai kutuliza maumivu ya siku hizi kwa sababu huzuia damu kuganda; hata hivyo anayeitumia kwa agizo la daktari wa moyo asiiache bila kumuuliza.

Maduka ya dawa muhimu, ambayo mpango wake ulianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 na kuenea nchi nzima, yameleta dawa karibu na vijiji ambako duka la mfamasia halipo, na ni msaada mkubwa. Hatari yake ni wepesi wa kununua amoksilini au metronidazo kwa vidonge vichache. Antibiotiki haihitajiki kwa kila jeraha la meno. Hutolewa kwa maambukizi yaliyothibitika au kwa mgonjwa mwenye kinga dhaifu, na ikitolewa humalizwa kama ilivyoandikwa, kwani dozi nusu huwafunza bakteria kuishi na dawa.

Maradhi ya kudumu yanataka uangalifu wa pekee. Mwenye kisukari hupona polepole sukari ikiwa juu, lakini pia anaweza kuanguka ghafla ikiwa amemeza dawa zake au kujidunga insulini kama kawaida huku akishindwa kula. Kwa hiyo kipimo cha sukari kiwe karibu, na uji uliopangwa kwa saa uchukue nafasi ya milo. Mwenye shinikizo la damu asiache dawa zake, kwa sababu shinikizo kubwa husukuma damu nje ya jeraha. Mwenye selimundu, ugonjwa ulioenea katika pwani hii, alindwe dhidi ya kiu, baridi na homa, mambo ambayo huchochea maumivu yake.

Chakula cha mwezi wa kwanza

Jeraha hujengwa kwa protini, vitamini na maji, na kosa la kawaida ni kumlisha mgonjwa uji mweupe wenye sukari kwa wiki tatu. Siku ya kwanza vyakula viwe vya baridi au vuguvugu: maji ya dafu, maziwa, mtindi, uji mwembamba. Kuanzia siku ya pili mapishi ya pwani yanatoa kila kinachohitajika. Uji wa ulezi au mtama hutiwa maziwa, samaki wa kuchemsha, changu au tasi, huchambuliwa miiba kwa makini na kupondwa ndani ya mchuzi wa nazi usio na pilipili, maharage na kunde hupikwa hadi zilainike kisha huchujwa ganda, mayai huvurugwa, maboga na viazi vitamu hupondwa, parachichi na papai huliwa kwa kijiko. Bokoboko, chakula cha ngano na nyama vinavyopikwa muda mrefu na kupigwa mpaka viungane, ni mlo wa sherehe unaomfaa mgonjwa wa meno kuliko vingi vilivyobuniwa kwa ajili ya wagonjwa. Wali upikwe kwa maji mengi, kwani punje kavu huingia matunduni, na hivyo hivyo mbegu za nyanya, bisi, karanga na vipande vya kashata vikae mbali kwa mwezi mzima pamoja na achari, ndimu na pilipili.

Hatari kubwa hujitokeza baadaye, pale mgonjwa anapozoea kula laini. Asiye na meno huelekea kuacha nyama, mboga za majani na matunda magumu, na kujaza tumbo kwa wanga na sukari, na kwa mzee mwenye kisukari au mwenye upungufu wa damu mabadiliko hayo huwa ugonjwa wa pili. Mboga zilizokatwa ndogo sana, mlenda, dagaa waliosagwa unga na kuchanganywa kwenye uji au mchuzi, na nyama ya kusaga, viingie katika mlo wa kila wiki bila kungoja meno ya bandia.

Ibada na kazi

Miongozo ya kimatibabu iliyoandikwa mbali haigusi mambo ambayo mgonjwa wa Bagamoyo hukutana nayo saa chache baada ya kurudi nyumbani. La kwanza ni udhu. Kusukutua ni sehemu ya udhu inayofanywa mara tatu kila mtu anapotawadha, na mtu wa sala tano aliyeng'olewa meno asubuhi angesukutua mara nyingi kabla ya kulala. Lakini katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani hii, kusukutua ni sunna, kwa hiyo kukuacha siku ya jeraha hakubatilishi udhu. La pili ni saumu. Mgonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa siku zake baadaye, na aliye na nafasi ya kuchagua tarehe atapanga tiba yake nje ya Ramadhani, ili dawa, maji na milo midogo ya mara kwa mara visigombane na ibada yake.

La tatu ni kazi. Kuinama na kunyanyua vizito huongeza msukumo wa damu kichwani na huanzisha upya utokaji wa damu, kwa hiyo mkulima wa mwani wa Mlingotini anayefunga kamba akiwa ameinama majini, mfanyakazi wa mashamba ya chumvi na mpakuaji wa mizigo bandarini wanahitaji wiki moja ya kupumzika. Mvuvi anahitaji muda huohuo kwa sababu nyingine pia: damu ikianza kutoka usiku akiwa baharini, hakuna wa kumsaidia. Siku hizo saba ni kipato kilichopotea, na familia inayozipanga mapema, kama inavyopanga nauli, humwezesha mgonjwa kuzitimiza.

Mfupa unaopungua na meno ya bandia

Ufizi ukishafunga, wengi hudhani wamepona. Chini yake mfupa bado unabadilika. Utafiti wa Schropp na wenzake wa Denmark, uliochapishwa mwaka 2003, ulionesha kwamba unene wa mfupa mahali jino la nyuma lilipong'olewa hupungua kwa takribani nusu ndani ya miezi 12, na kwamba theluthi mbili za upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya kwanza. Antje Tallgren, aliyefuatilia wavaaji wa meno ya bandia kwa miaka 25 na kuchapisha matokeo mwaka 1972, alionesha kwamba taya la chini hupoteza kimo takribani mara nne kuliko la juu. Hii ndiyo sababu meno ya bandia ya juu hushika vizuri, yakinaswa kwenye kaakaa lote, ilhali ya chini huelea na kusukumwa na ulimi, na sababu hiyohiyo huonesha kwa nini kuyasubiri miaka mingi kabla ya kuyatafuta huifanya kazi ya fundi kuwa ngumu zaidi.

Njia tatu zipo. Meno ya bandia ya papo kwa papo hutengenezwa kabla ya kung'oa na kuvalishwa siku ileile. Hulinda jeraha na kumwepusha mgonjwa na aibu, lakini asiyavue kwa saa 24 za kwanza, maana uvimbe unaweza kumzuia kuyarudisha, na yatalegea mfupa unapopungua na kuhitaji kutiwa tabaka jipya ndani. Njia ya pili ni kungoja miezi 3 hadi 6 mpaka umbo la taya litulie, kisha kupima na kutengeneza mara moja. Vipandikizi vya titani vinavyochimbiwa mfupani ni njia ya tatu. Tangu makubaliano ya wataalamu yaliyofikiwa Montreal mwaka 2002, vipandikizi viwili vya taya la chini vimehesabiwa kuwa tiba bora ya kuyashikilia meno ya chini, ingawa gharama yake iko nje ya uwezo wa kaya nyingi za pwani.

Historia inaonesha kwamba kilichokuwa adimu kimebadilika. Hadi katikati ya karne ya 19 meno ya bandia ya Ulaya na Marekani yalichongwa kwa pembe za tembo na meno ya kiboko, mali ya matajiri wachache. Na Bagamoyo ilikuwa mlango ambao pembe za bara zilishukia kuelekea Zanzibar na masoko ya dunia, pasipo faida hiyo kuwafikia waliozibeba. Mpira mgumu, na baadaye akriliki katika miaka ya 1930, vilishusha bei ya malighafi. Leo uhaba uko kwenye mikono na safari: mteknolojia wa maabara ya meno, vipimo vinavyohitaji miadi kadhaa, na nauli ya kurudi kila mara. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Dar es Salaam mwaka 1979, katika kitivo kilichokuja kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Muhimbili, na hospitali ya Muhimbili yenyewe ilitanguliwa na ile iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897. Elimu hiyo iko umbali wa kilomita zipatazo 70 kutoka mji wake. Kinachobaki ni kuufikishia huduma yenyewe.

Mvaaji mpya anapaswa kujua kwamba nguvu ya kutafuna itakuwa robo au moja ya tano tu ya ile ya meno ya asili, na kwamba ulimi na misuli ya mashavu huhitaji wiki 6 hadi 8 kujifunza kuyadhibiti. Achukue vipande vidogo, atafune pande zote mbili kwa pamoja, na asing'ate kwa meno ya mbele. Vidonda vya siku za kwanza ni vya kawaida, na tiba yake ni kurudi kliniki akiwa ameyavaa, ili tabibu aone yanapogusa; msasa na kisu cha nyumbani huharibu yasiyoweza kurekebishwa. Usiku yavuliwe, yasuguliwe kwa brashi laini na sabuni juu ya beseni la maji ili yakiponyoka yasivunjike, yalazwe ndani ya maji baridi, na yasichemshwe kamwe, kwani maji ya moto huyapindisha. Asiyeyavua hupatwa na fangasi chini yake, na ufizi huwa mwekundu bila yeye kuhisi maumivu.

Sauti, uso na heshima

Herufi f na v hutamkwa kwa mdomo wa chini kukutana na meno ya juu, th na dh kwa ncha ya ulimi kati ya meno, s na z kwa hewa inayopita nyuma yake. Zote hulegea meno yanapoondoka. Kwa mwalimu wa madrasa anayefundisha makharija ya herufi, kwa mwongoza watalii wa magofu ya Kaole, na kwa mwimbaji au mpiga nzumari katika mji ulio na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, hasara hiyo ni ya riziki na hadhi kwa pamoja. Kusoma kwa sauti kila siku, polepole, hata kabla ya meno ya bandia, huufunza ulimi njia mpya, na wengi hurejea kutamka vizuri.

Uso nao hubadilika: kidevu hukaribia pua, midomo huingia ndani, na pembe za mdomo hupasuka kwa mate na fangasi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1998 na Fiske na wenzake uliwakuta watu waliopoteza meno yote wakiwa na huzuni inayofanana na ya msiba, wakiificha hata kwa wenzi wao, na wengi wakasema kwamba hawakuandaliwa. Hapa pwani mwanamke anaweza kujifunika mdomo kwa upindo wa kanga na mwanamume akaacha baraza, na wote wakasema kwamba wamezeeka tu. Jamaa wanaomwita mezani, wanaopika chakula ambacho anaweza kula pamoja nao badala ya kumtengea sahani ya peke yake, na wasiomtania mbele ya wajukuu, humpa tiba ambayo hakuna kliniki inayoitoa.

Mpango unaostahili kuandikwa

Kutokana na yote haya, jukumu la huduma na la familia linaweza kuelezwa kwa uwazi. Kabla ya kung'oa, mgonjwa aambiwe meno yapi yanaweza kubaki, njia ipi ya meno ya bandia itafuatwa, gharama yake, na nani ataitengeneza; mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza aelezwe haki yake ya matibabu bila malipo katika vituo vya umma, na aambiwe wazi kama msamaha huo unahusu meno ya bandia au la. Siku ya kung'oa, aondoke na karatasi yenye maagizo ya Kiswahili na tarehe nne: siku ya 7 kwa kutazama jeraha na kutoa nyuzi, mwezi wa 1 kwa kupima ufizi na uzito wake, mwezi wa 3 kwa kuamua juu ya vipimo, na mwezi wa 12 kwa kukagua taya, meno ya bandia na dalili zozote za saratani ya kinywa. Tarehe hizo hazihitaji mashine wala jengo jipya. Zinahitaji kliniki iamini kwamba mtu aliyetoka hapo bila meno bado ni mgonjwa wake mpaka atakapoweza kukaa na wenzake, kula samaki na mboga, na kusema akasikika vyema. Na zinahitaji familia idai tarehe hizo kabla ya kukubali jino la kwanza ling'olewe.